Mahale mwanzoni mwa kiangazi: kambi ilivyo na namna ya kuipanga safari

Nimelala siku nne, wiki ya pili ya Juni, kwenye kambi ndogo ya ufukweni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Jina la kambi siliweki, kwa sababu karibu yote ninayoyaandika hapa utayakuta kwenye kambi yoyote ya ufukwe ule. Kwa ufupi, inastahili pesa yake, ila ukikosea mpangilio utalipia siku nne ukafaidi mbili.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba ndani ya Mahale hakuna barabara. Kila kitu hufika kwa boti, na ukishatia mguu mchangani, gari lako ni miguu yako. Mlima unaanzia pale pale msituni nyuma ya mabanda. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, kwa hiyo kila njia inayotoka kambini inapanda.

Kwa nini Juni? Mvua za huko hukatika katikati ya Mei. Juni njia zimekauka vya kutosha kupitika, vijito bado vinatiririka, msitu ni kijani na hewa ni safi. Jioni jua likizama unaiona milima ya Kongo ng'ambo, mgongo kwa mgongo. Ukienda Agosti, moshi wa nyasi zinazochomwa umeshatanda na ng'ambo huioni. Hasara ya Juni ni sokwe. Kuelekea mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, hushuka sana maeneo ya chini. Juni mara nyingi wako juu, kwa hiyo utatembea zaidi. Mimi ningechagua Juni tena, lakini kwa sharti la kutenga asubuhi tatu za kuwatafuta, si moja.

Anza kupanga kwa kuangalia siku ya wiki, halafu ndiyo uje kwenye tarehe. Ndege ndogo za kwenda Mahale huruka siku chache tu, kwa kawaida Jumatatu na Alhamisi, ndiyo maana kambi nyingi huuza siku tatu au nne. Ukichagua siku tatu na ya kwanza ukafika mchana, umebakiwa na asubuhi mbili. Chukua nne. Mzigo kwenye ndege hizo ni kilo 15, kwenye begi laini lisilo na fremu. Sanduku la magurudumu huachwa uwanjani. Kutoka kiwanja cha ndege, kilichoko kaskazini mwa hifadhi, bado kuna boti ya kama saa moja na nusu hadi kambini.

Njia ya bei nafuu ni kupitia Kigoma, na hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Kutoka Kigoma hadi Mahale ni zaidi ya kilomita 120 kuelekea kusini. Boti ya mwendo kasi huchukua saa nne hadi tano ziwa likiwa tulivu. Mashua kubwa ya mbao yenye injini huenda kutwa nzima. Kiangazi ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, na wewe unaelekea kusini, maana yake unakwenda ukilikabili wimbi uso kwa uso. Alfajiri ziwa huwa kama limelala, kuanzia saa nne au saa tano upepo unaanza kulichafua. Boti yangu iliahidiwa kung'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi, ikaondoka saa tatu na nusu kwa sababu petroli ilikuwa bado inatafutwa mjini. Safari ya saa nne na nusu ikawa ya saa saba, na nusu ya pili tumeloa chapachapa.

Kwa hiyo, jioni ya kuamkia safari nenda ukaione boti kwa macho yako. Madumu ya petroli ya kwenda na kurudi yawe yameshajazwa. Iwepo injini ya akiba, hata ndogo. Jaketi okozi zihesabiwe, moja kwa kila kichwa, na uvae lako na kufunga kamba zake kuhakikisha linakutosha, hasa la mtoto. Ukae upande wa tezi, yaani nyuma ya boti. Omo, yaani mbele, ndiyo inayopanda na kupigwa chini kila wimbi linapopita, na mtu mwenye mgongo mbovu hataiweza kwa saa nne. Simu, pasi na dawa zitie kwenye mfuko wa plastiki mzito uliofungwa, si kwenye mfuko wa suruali. Kufika nako ni kushuka majini, kwa hiyo vaa kandambili, buti zitundike shingoni.

Kuhusu MV Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, usiijengee safari mpaka upate tarehe kutoka bandarini Kigoma kwenyewe. Imekaa muda mrefu nje ya huduma.

Sasa kambi. Banda langu lilikuwa la mbao na makuti, mbele wazi, hatua kama thelathini kutoka majini. Kitanda kizuri, chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro na hakina tundu. Kigoma ina malaria nyingi, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Anza dawa za kinga kabla ya kuondoka nyumbani kama daktari wako atakavyokuelekeza, na ubebe vipimo vya haraka, maana hospitali ya maana iko Kigoma mjini, saa nne za boti. Maji ya moto ya kuoga yalikuja kwa ndoo inayoning'inizwa, lita 20 hivi, unaomba nusu saa kabla. Umeme ni wa jua, na kuchaji ni kwenye banda kuu tu, kuanzia saa nne asubuhi hadi jua linapozama. Njoo na pawabenki iliyojaa na waya wako. Mtandao wa simu haukuwepo. Mwambie mtu wa nyumbani kabla hujapanda boti kwamba atakusikia baada ya siku tano.

Usiku wa Juni kuna baridi kuliko watu wa Dar wanavyotegemea. Upepo unashuka kutoka mlimani kuanzia saa tano hivi, na banda halina ukuta wa mbele. Sweta moja nzito na soksi za kulalia zinatosha. Matunda na biskuti usiviache bandani. Nyani huingia mchana mkiwa msituni, na begi la zipu kwao si kizuizi.

Chakula kilipikwa vizuri, lakini hapa nina lalamiko. Tangazo la kambi liliahidi samaki wa ziwani kila jioni, migebuka na kuhe. Mwaka 2024 nchi zinazozunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wiki yangu iliangukia kipindi cha namna hiyo. Tulikula kuku, maharage, mchicha, na dagaa wakavu mara moja. Kufunga ziwa naunga mkono kwa moyo wote. Kosa ni la kambi kuuza kile inachojua hakipo. Kabla ya kulipa, uliza kama ziwa litakuwa wazi tarehe zako, na kama halitakuwa wazi, waulize watakupikia nini. Jambo jingine linalopotea ni taa za wavuvi. Kipindi cha giza, usiku usio na mwezi, uvuvi ukiwa wazi, upeo wote wa macho hujaa taa za mashua za dagaa. Juni ile ulikuwa mweusi tii.

Sokwe ndio sababu ya watu kwenda, na huduma ya sokwe ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Watafutaji hutoka kambini alfajiri wakiwa na redio. Wanasikiliza milio, wanaangalia kinyesi kibichi na matunda yaliyotafunwa chini ya miti, halafu wanaita. Wito unaweza kuja saa mbili, unaweza kuja saa tano. Ukishakunywa chai, funga buti na ujaze chupa ya maji ya lita mbili, usubiri ukiwa tayari. Ukianza kutafuta soksi wito umeshakuja, unapoteza dakika kumi, na dakika kumi kwa sokwe anayetembea ni mlima mwingine.

Kundi la wageni halizidi watu sita. Ukiwafikia unapewa saa moja tu, inayohesabiwa tangu unapomwona wa kwanza, na umbali ni mita kumi. Barakoa ni lazima. Sababu si urasimu: sokwe wanaambukizwa mafua yetu, na mwaka 2006 ugonjwa wa mfumo wa hewa uliua baadhi yao Mahale. Ukiwa na kikohozi hupelekwi, na pesa hairudi, kwa hiyo jikinge na mafua wiki mbili kabla ya safari kama unavyojikinga kabla ya upasuaji. Beba barakoa tatu kwa kila asubuhi. Ya kwanza italowa jasho kwenye mwinuko, na iliyolowa inakubana pumzi. Anayevaa miwani ya macho aibane barakoa puani kwa plasta nyembamba ya hospitali, la sivyo nusu ya saa yake itakuwa ukungu. Watoto wa chini ya miaka 12 hawaruhusiwi, usiwabebe ukitegemea huruma ya askari.

Sokwe hawa wamezoea watu kwa sababu watafiti wa Kijapani wako nao tangu 1965, miaka 20 kabla eneo halijawa hifadhi ya taifa. Mwombe kiongozi wako akuonyeshe wanavyochambuana manyoya. Wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja anainua mkono mmoja juu, viganja vinakutana juu ya vichwa vyao kama watu wanaoinua nguzo, na mkono uliobaki unachambua kwapa la mwenzake. Desturi hiyo iliandikwa na wanasayansi mwaka 1978 kutoka hapa hapa Mahale, na sokwe wa Gombe, ziwa lile lile, hawakuwa nayo. Niliwaona majike wawili wakifanya hivyo kwa dakika nne, na mtoto akipita katikati kama chini ya daraja. Kamera iweke kwenye hali ya mwanga hafifu kabla hujafika. Msitu una giza na mwanga wa kamera ni marufuku.

Mavazi ni suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na shati la mikono mirefu kwa ajili ya upupu. Mwanzo wa kiangazi ndipo maganda ya upupu yanapokauka, na manyoya yake yanapeperuka ukigusa mmea. Yakikupata usikune wala usisugue. Wenyeji hupaka majivu kisha wakayapangusa. Buti ziwe zenye meno, maana kwenye mabonde ya vijito majani yameoza na yanateleza hata wakati huku ufukweni ni vumbi.

Kuogelea: ufukweni usioge, mamba na viboko wapo. Kambi nzuri hukupeleka kwa boti hadi maji ya kina, kwenye miamba, na hapo maji ni safi kiasi cha kuona mita nyingi chini. Beba miwani yako ya kuogelea, ya kambi zilikuwa zinavuja. Nenda saa mbili asubuhi, kabla ya kusi.

Kwa Mtanzania, mambo mawili ya malipo. Uliza bei ya mkazi na ubebe kitambulisho cha Taifa, maana bei ya kwanza utakayotajiwa ni ya mgeni wa nje. Pili, uliza kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24 na hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo, si taslimu. Lipa ukiwa bado Kigoma kwenye mtandao.

Asiyemudu kambi ana mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Kasiha ndani ya hifadhi. Sokwe ni wale wale, viongozi ni wale wale. Chakula unakuja nacho. Kwa watu wawili siku nne ningenunua sokoni Kigoma mchele kilo 2, unga kilo 2, maharage kilo 1, viazi kilo 3, mafuta lita 1, trei moja ya mayai, vitunguu na nyanya kilo mbili mbili, chumvi, majani ya chai, sukari kilo 1, kiberiti viwili na mishumaa. Vyote viwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, kwa ajili ya wimbi na kwa ajili ya nyani.

Bakshishi ya watafutaji na mpishi iwe noti ndogo ndogo, kwa kuwa bila mtandao hutumi chochote kwa simu. Kurudi Kigoma ni kwepesi, wimbi linakusukuma kwa nyuma, lakini ondokeni saa kumi na mbili vile vile. Na tiketi ya ndege au treni kutoka Kigoma isiwe ya siku ile ile. Acha usiku mmoja mjini katikati.