TAHADHARI: dinari za Caesar zenye Aeneas, nyingi mtandaoni ni za kusubu

Kuna wauzaji wanaotembeza mtandaoni dinari (sarafu za Kirumi) za fedha za Julius Caesar, mtawala wa Roma: upande mmoja kichwa cha mungu wa kike Venus, upande wa pili shujaa Aeneas akiukimbia mji wa Troya, baba yake Anchises begani na kisanamu kiitwacho Palladium mkononi. Sarafu halisi ilitolewa mwaka 47 au 46 KK na leo huuzwa kwa mamia ya pauni, kwa hiyo huigwa sana kwa kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa ndani ya kalibu.

Shuku kwanza muuzaji mwenye nyingi zinazofanana kama pacha. Warumi waligonga sarafu kwa nyundo, moja moja. Mbili za muhuri mmoja zitakuwa na picha ileile, lakini umbo la ukingo na mikwaruzo havijirudii. Mkwaruzo uleule ukitokea shavuni mwa Venus kwenye sarafu mbili, angalau moja ni bandia.

Omba picha ya ukingo kabla ya kulipa. Sarafu ya kusubu huacha mshono kuzunguka ukingo, au alama za tupa iliyoufuta. Karibu na herufi za CAESAR tafuta vitundu vya hewa. Kisha itazame Palladium, kile kisanamu cha mungu wa kike Athena chenye ngao na mkuki: kwenye bandia hubaki donge. Muuzaji atakwambia imechakaa. Usikubali upesi! Uchakavu hula sehemu zilizoinuka, paji la uso na goti. Kalibu hufifisha hata mabondeni, penye mikunjo ya nywele.

Ikishafika, pima. Uzito uwe karibu na gramu 3.8 hadi 4. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe sifuri, ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Ya gramu 3.85 isome takriban 0.37. Ikisoma 0.43 ni shaba au mchanganyiko wake, 0.53, bati (tin). Sumaku haikusaidii hapa, kwani shaba na bati navyo havinaswi.

Tatizo moja: kipimo kikizidi 0.37 kidogo tu, huenda ni ghushi ya kale yenye moyo wa shaba uliofunikwa fedha. Hiyo ina thamani yake, ila si ya dinari nzima, na muuzaji anapaswa kuitaja.

Akikataa kutuma picha ya ukingo au kupokea sarafu ikirudishwa, usilipe.