Bujora, Kisesa: kuikagua nyumba ya Msukuma kuanzia paa

Ukiuliza nyumba kongwe ya Mwanza, wengi watakuelekeza kwenye majengo ya Wajerumani, kwa sababu kituo chao walikifungua hapa mwaka 1892. Sawa, kama unahesabu umri wa kuta. Msonge ulikuwapo Usukuma kabla yao, ila msonge mmoja mmoja haukai karne: nyasi huoza, fito huliwa na mchwa, na mwenye kaya hujenga mwingine kwa mkono uleule aliofundishwa na baba yake. Kinachozeeka ni ufundi. Pa kuukagua ni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora.

Kufika si kazi. Panda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 18 kutoka mjini. Ukishuka, zimebaki kama kilomita mbili za barabara ya vumbi; bodaboda wapo, na asubuhi hata miguu inatosha. Wakati wa masika vaa viatu vya kukanyaga tope. Ukikuta wazee kabla ya adhuhuri, sema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwanza, maswali baadaye.

Wageni wengi hukimbilia ngoma. Anza na nyumba ya makazi, na kabla ya kuingia simama nje uangalie paa. Mwinuko wa paa la msonge ni mkali kwa makusudi: maji yateremke kabla hayajazama kwenye nyasi. Paa likilala, chini ya nyuzi 45 hivi, nyasi hubaki na unyevu na kuoza kutoka ndani, nawe utagundua siku tone linapokudondokea kitandani. Nyasi huanza kupangwa chini, kwenye upenu, zikipanda safu juu ya safu hadi kileleni, ambako hufungwa kwa pamoja. Kilele ndipo pa kwanza kuvuja, kwa hiyo fundi hupimwa pale. Zikatwe kiangazi zikiwa zimekauka. Nyasi mbichi husinyaa zikiwa juu na kuacha mianya.

Sasa shusha macho. Upenu wa msonge huning'inia chini sana hadi mtu mzima anainama kuingia. Kuna wanaosema ni adabu, au ni kumfanya adui atangulize kichwa. Huenda, lakini kazi yake ya kila siku ni kukinga mvua ukuta wa udongo. Maji yanayoruka kutoka ardhini ndiyo yanayoumaliza ukuta, nayo huanzia miguuni, shubiri moja au mbili kutoka chini. Ukipita palipochimbika hivyo, jua upenu ni mfupi au mfereji wa kuzunguka nyumba umeziba.

Ndani, subiri dakika moja macho yazoee giza, kisha tazama fito zilivyofungwa kwenye nguzo kwa kamba. Hakuna msumari. Kwa desturi nguzo huchomwa kidogo sehemu itakayofukiwa, ili mchwa wapate tabu kuanza. Dawa kubwa zaidi ni moshi: mafiga yakiwaka kila siku, moshi hupenya nyasi, hukausha unyevu na kufukuza wadudu. Nyumba ya maonyesho popote ilipo haina mpishi, kwa hiyo huzeeka haraka kuliko ya mtu anayesonga ugali humo jioni.

Haya yangepaswa kusomwa na wenye hoteli za kando ya ziwa wanaojenga "misonge" ya kupigia picha. Paa limelala, ukuta wa udongo umepigwa plasta ya saruji. Saruji haitembei na udongo. Inapasuka, maji yanaingia ufa na hayatoki, na baada ya vuli mbili plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Udongo na samadi ya ng'ombe vingetosha, ukikandika upya kila kiangazi.

Nyumba ya mganga ni ya nyasi, ya mhunzi ina zana zake. Ya mhunzi usiipite haraka: jembe la chuma huku lilikuwa mali ya kuolea, si la kulimia tu. Nyumba ya mganga inahitaji mwongozaji. Bila maelezo utaona vibuyu tu.

Banda la ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, ndilo jengo lenye akili zaidi hapa: limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi, na ngoma zimo ndani. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, alianzisha makumbusho mwaka 1968. Utemi ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma zilizokuwa zikilia ikulu zikabaki bila ikulu, ndipo zikapewa kigoda kikubwa kiasi cha kuingia. Bado hupigwa kwenye sikukuu za kanisa. Kama muda wako ni saa moja tu, gawa nusu hapa na nusu kwenye paa la msonge.

Kanisa la mviringo pale pale linafuata mtindo wa Kisukuma. Kaa nyuma ulitazame lote mara moja. Kuna pia pipa la kuzungusha linaloonyesha namna makundi ya rika yalivyohesabu moja hadi kumi, kila rika na maneno yake. Watoto hulipenda, watu wazima hulizungusha mara mbili na kuondoka.

Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo, tamasha la ngoma: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa ngoma, na nyoka ambao wachezaji hucheza nao, hiyo ndiyo siku. Kwa kukagua nyumba ni siku mbaya, vumbi na umati vitakuziba macho. Njoo Julai au Agosti, nyasi zikiwa kavu, na ukitaka kujenga msonge wako omba mwongozaji akuonyeshe kilele kwa karibu.