Ubuntu: apt au faili la deb?
Aliyezoea Windows akihamia Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux), faili la .exe halitamfaa. Ana njia mbili za kusakinisha programu: apt, amri inayoishusha kutoka ghala la mtandaoni, au deb, faili la usakinishaji analolipakua mwenyewe.

Kwa bando, deb inashinda: ipakue mara moja Chake Chake, itie kwenye flashi, uisakinishe kompyuta tatu kule Micheweni. Kwenye terminal (dirisha la amri) andika sudo apt install ./jina.deb; sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi, ndiyo maana utaulizwa nywila. Ukisahau ile ./ apt hulitafuta faili kwenye ghala lake, isilione. Nywila haionekani ukiiandika, endelea tu. Ila programu ikitaka vifurushi (programu saidizi) ambavyo mashine haina, bila intaneti utakwama hapo hapo.

Kwa njia ya apt, sudo apt install vlc (vlc ni kicheza video) huvileta vyote yenyewe, na sudo apt update kisha sudo apt upgrade huisasisha. Mwenye intaneti ya kudumu aitumie hii. Anayehesabu megabaiti achukue deb ya amd64. Jina la AMD, kampuni nyingine ya prosesa, lisimtishe, prosesa za Intel za biti 64 hutumia hiyo hiyo.