Makoja ya harusi: uzoefu wangu na asumini, uzi na riboni

Natunga makoja na vikuba (vishada vidogo vya kunukia) vya harusi hapa Mombasa, na vifaa vingi vinavyouzwa kwa kazi hii vimepita mikononi mwangu. Kwa koja litakalovaliwa shingoni, sijaona cha kuishinda asumini mbichi. Ila ina masharti yake.

Nunua matumba, usinunue maua yaliyokwisha kuchanua. Asumini hufunguka magharibi ikiingia, kwa hiyo muuzaji anayeijua kazi huchuma alasiri, tumba likiwa jeupe, limefumba, limevimba kidogo kwenye ncha. Ukilitunga saa kumi na moja, bwana harusi akifika ukumbini saa mbili usiku, maua yanakuwa yamejifungua yenyewe kifuani mwake na harufu imepanda. Ua lililochanua tayari halitaki kushikwashikwa. Unapoligusa ndipo panapofanya doa la kahawia. Tumba changa la kijani nalo likatae, maana halitafunguka.

Mama ninayenunua kwake Mji wa Kale huniwekea maua ndani ya jani la mgomba, ameyanyunyizia maji kwa ncha za vidole tu. Kwa hilo nampa alama zote. Muuzaji mwingine aliniletea kwenye mfuko wa plastiki, yamelowa chapachapa ili yaonekane mabichi. Ya juu yalipendeza, ya chini yalikuwa yameiva kwa joto na yameanza kunuka. Sikurudi kwake. Kama ni lazima yakae muda, yafunge kwenye jani au kitambaa chenye unyevu na uyaweke sehemu ya chini ya friji, mbali na friza.

Sasa uzi, ambao wateja wengi hawauulizii kabisa. Mshipi wa kuvulia una nguvu kweli, lakini unateleza na unaikata shingo ya ua. Wageni wakianza kumkumbatia bibi harusi, maua yanapukutika. Uzi wa nailoni ni vivyo hivyo. Mimi natumia uzi mweupe wa pamba, nautia maradufu, na sindano ndefu nyembamba. Pamba inakamata, ua linakaa pale ulipoliweka. Sindano ipite shingoni mwa ua, chini ya petali.

Kwa rangi natia majani ya mrehani na maua ya waridi. Waridi jekundu siliweki koja la mwenye kanzu nyeupe, kwani likipondeka huacha doa. Maua ya vilua na mkadi, yenye harufu kali, vikipatikana, navihifadhia vikuba, kwa sababu kikuba huvaliwa kwa ajili ya harufu na hapo ndipo vinapoonekana thamani yake.

Kwa mapambo ya jukwaani na milangoni mambo ni mengine: asumini huko ni kupoteza pesa, haifiki kesho. Hapo riboni ya satini inatosha na naipendekeza. Ncha zake hufumuka, basi zipitishe haraka karibu na moto wa mshumaa. Satini ya polista huyeyuka kidogo na kujifunga. Gundi ya moto siiamini kwa joto la huku. Shada likiachwa ndani ya gari juani, gundi hulainika na maua yanaachia. Funga kwa uzi au shona. Maua ya plastiki yakae ukutani tu, shingoni yanachubua. Yale makaratasi ya kung'aa sinunui tena, yanamwaga vipande kila yanapopita.

Bei ya asumini hupanda Shaaban na mfungo mosi, yaani kabla na baada ya Ramadhani, harusi zinaposongamana. Ukiagiza, taja idadi ya makoja na saa ya kuvaliwa, maana saa hiyo ndiyo inayomwambia muuzaji achume lini. Lipa arubuni mapema, na siku yenyewe fungua jani ukague matumba ya chini kabla hujamaliza kulipa.