Godox TT600 kwa picha za watoto sebuleni: uzoefu wangu, Arusha

Naulizwa sana kama flashi isiyo na otomatiki inafaa kwa watoto wasiotulia. Inafaa, mradi usiifunge juu ya kamera bali uiweke pembeni. Natumia Godox TT600 na triga ya X2T, kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiwasha flashi bila waya, hapa nyumbani Sakina, ambako Juni na Julai mawingu yanaweza kukaa hadi mchana na sebule ikawa giza. Bila flashi, kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, na nyuso zinajaa chenga.

TT600 haina TTL, yaani haijipimii mwanga. Nguvu unapanga mwenyewe, kuanzia 1/1 (nguvu yote) hadi 1/128. Wengi wanaona huo ni upungufu, lakini mimi ndiyo sababu nikaichagua. Flashi inayojipimia hubabaishwa na shati jeupe la shule: inapunguza mwanga, na uso wenye ngozi kama yetu unazama. Ukipanga mwenyewe, mtoto avae shati au sweta la bluu, uso hautetereki.

Kinachosumbua ni umbali. Mwanga ukiwa mita moja kutoka kwa mtoto, akirudi nyuma nusu mita tu anapata chini ya nusu ya alichokuwa anapata. Ukiwa mita mbili, nusu mita ileile inamwachia karibu theluthi mbili. Ndiyo maana wanangu nawatandikia mkeka. Siwaambii "kaa hapo", maana hawatakaa. Nawamwagia vichezeo katikati, na mkeka unawawekea mpaka bila ugomvi.

Sasa, taa ndogo ikisogezwa mbali hutoa kivuli kikali, kile cha picha za kitambulisho. Dawa yake ni kuigeuza ipige kitu kipana cheupe, mwanga urudi kwa watoto. Kuta zetu nusu ya chini zina rangi ya mafuta ya kijani, na kijani hicho hurudi usoni moja kwa moja, kwa hiyo natundika shuka jeupe kwenye bomba la pazia na mkeka unakaa mita mbili hivi kutoka hapo. Shuka ndilo linakuwa taa. Bibi yao aliuliza kama macho hayataumia. Nilimkalisha mkekani aone mwenyewe, akaishia kudai apigwe picha na yeye.

Mwavuli mweupe nao ni mzuri kwa mtoto mmoja aliyekaa. Kwa wawili wanaofukuzana, stendi inataka mfuko wa mchanga miguuni, na bado roho haitulii.

Naanzia ISO 400, tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata sekunde 1/200, flashi 1/8, kisha naongeza au kupunguza nguvu nikitazama uso kwenye skrini. Shata haibadilishi mwanga wa flashi, inabadilisha ule wa dirishani. Nikitaka dirisha lionekane, nashuka hadi 1/60 na uso unabaki karibu vilevile. Kamera nyingi za bei ya kawaida mwisho wake na flashi ni 1/200; ukizidisha bila kuwasha HSS, yaani hali ya flashi kwa shata za kasi, sehemu ya picha inakuwa nyeusi. Halafu kuna hili ninalolipenda: kwa nguvu ndogo mmweko ni mfupi mno, hivyo mtoto anayeruka anaganda hewani, kamba za viatu na zote.

Flashi inakula betri nne za AA, triga mbili. Nunua za kuchaji za NiMH, zile za bei rahisi za redio zinachelewa kuijaza. Raha yake ni kwamba umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kabla ya kulipa, beba kamera yako dukani. Triga huuzwa kwa chapa: ya Canon, ya Nikon, ya Sony. Wenye Canon 2000D na 250D wawe makini zaidi, kwa sababu kamera hizo hazina ile pini ya katikati pale juu panapofungwa flashi, ambayo TT600 inaitegemea ikifungwa moja kwa moja. Waambie wauzaji waifunge triga hapohapo, uone flashi inawaka, ndipo utoe hela.

Kama kazi yako ni kipaimara na harusi, unazunguka ukumbini na umbali unabadilika kila dakika, hii itakuchosha. Ongeza hela uchukue TT685 ya chapa ya kamera yako. Ina TTL, nayo inatumia triga hiyohiyo.