TAHADHARI: Fundi geji wa Ilala, mkimbieni

Jamani, zile sifa zote nilizommwagia kwenye posti yangu ya awali yule fundi wa geji za mafuta pale Ilala nazifuta. Yule si fundi, ni tapeli mwenye bisibisi. Kanipiga laki mbili na themanini, na juu yake kaniachia aibu isiyo na bei, maana gari ilinizimikia porini na mama mkwe yumo ndani.

Gari yangu ni Toyota Corolla 110. Ugonjwa ulikuwa mmoja tu: mshale wa mafuta umelala kwenye E (tupu), ujaze usijaze. Mjini nilikuwa naenda kwa hesabu za kichwani. Kwa safari ya Morogoro, na abiria yule, nikasema hapana, hii geji lazima ipone kwanza.

Sasa sikilizeni nilivyofanywa. Nafika, kijana kaniinamia dirishani: "Karibu bosi wangu. Geji hiyo? Dakika tano." Hela hakuitaja. Ana testa ya umeme yenye nyaya nyekundu na nyeusi, ana dogo wa kumshikia tochi, kavaa ovaroli safi. Akang'oa kiti cha nyuma, akafungua kile kifuniko cha bati juu ya tanki, akachomoa plagi. Akaniita nichungulie, halafu akaniambia, "Fungulia swichi, bosi. Unauona mshale? Huku chini nimeshachomoa kila kitu na wenyewe haujastuka. Boya lako la tankini zima. Mita ya dashibodi ndiyo imekufa."

Kaongea taratibu, kama daktari anayekupa majibu mabaya. Ningebisha nini? Kafungua mbele yangu, kapima mbele yangu, tena boya kalisifia kuwa zima. Tapeli ninayemjua mimi angesema kila kitu kibovu. Na aliyenielekeza pale ni mtu ninayemheshimu, ambaye simtaji maana naye keshaumia.

Akatuma dogo, mara mita ikaja, ile sahani nzima ya mishale na kilometa, imefungwa gazeti, "used ya Japan, haijaguswa." Alianzia laki tatu na nusu, tukavutana hadi laki mbili na themanini na ufundi humo humo. Akiwa anafunga, akaniuliza kirafiki tu, "Bosi, humu una mafuta kiasi gani?" Nikamjibu kama nusu, asubuhi niliongeza. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akagundua, eti, fyuzi ya ampia kumi imechoka, nimsaidie kuifuata duka la tatu maana dogo hayupo. Nikaenda! Mteja nimelipa, na mimi ndiye ninayetumwa dukani.

Niliporudi kiti cha nyuma kimesharudishiwa. Akaniambia nifungulie swichi. Mshale ukapanda palepale, ukasimama juu kidogo ya nusu. Nusu kama nilivyosema! Nikampa mkono, na soda nikamnunulia.

Siku zilizofuata mshale ukawa haushuki. Nikajua ni plagi mpya za injini, gari imeacha ulafi. Siku ya safari nikapiga hesabu: tanki la lita 50 hivi, nusu yake ipo, naongeza ya elfu thelathini, Morogoro nafika na chenji inabaki. Tumepita Chalinze, tumeipita Mdaula, gari ikakohoa mara mbili ikazima. Jua la saa nane. Mshale uko juu ya nusu, umetulia kabisa. Mama mkwe kashuka, kajitanda khanga, kakaa kwenye jiwe, haongei. Heri angegomba! Nikafungua boneti nikawa nashikashika nyaya, nakagua plagi, nakagua fyuzi, kwa sababu mafuta "yapo". Bodaboda mmoja akasimama, akatikisa gari kwa nyuma, akacheka: "Mzee, tanki hili linalia debe tupu." Petroli ya dumu aliyoniletea sitaki hata kuitaja bei.

Msamvu, Morogoro, nikampata fundi mtu mzima. Kang'oa kiti, kafungua kifuniko, kaguna. Waya wa geji ulikuwa umekatwa na kuunganishiwa kirezista cha redio, kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi, kimeviringishwa tepu nyeusi, mguu mmoja kwenye waya na mguu wa pili umebanwa chini ya skrubu ya bodi ya gari. Basi. Mshale wangu ulikuwa unasoma kirezista! Hata tanki ungeling'oa ukaliacha barabarani, ungesoma juu ya nusu.

Yule mzee akanieleza kitu ambacho kingeniokoa. Kwenye gari hizi boya likiwa chini nyaya zinapata ukinzani mkubwa, mshale unalala. Boya likipanda ukinzani unapungua, mshale unapanda. Kwa hiyo ukichomoa plagi mshale LAZIMA ulale E, hata mita ikiwa nzima. Kile "kipimo" cha Ilala hakikupima chochote. Kipimo chenyewe ni kuugusisha waya wa geji kwenye bodi: swichi ikiwa imezimwa unaunga kwanza, ndipo unafungulia, cheche zisirukie juu ya tanki. Mshale ukipanda hadi F (kujaa), mita yako nzima, shida iko huku chini. Na ugonjwa wangu wa mwanzo? Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, kwenye plagi ile ile ya tanki ulikuwa umeota kutu ya kijani. Kasugua, kabana, karudisha waya wa geji mahali pake. Elfu kumi na tano. Taa ya mafuta kuisha nayo ikafufuka, kumbe inapita athi hiyo hiyo, ndiyo maana pale Mdaula haikuniwakia.

Kwa maana hiyo mita yangu ilikuwa NZIMA, na mwizi yule kabaki nayo. "Takataka hii niachie, bosi." Bila shaka keshamuuzia mwingine kama used ya Japan. Na hii aliyonifungia inasoma kilometa 96,000 wakati gari yangu ilishavuka laki mbili. Siku ya kuuza nitaonekana tapeli mimi.

Watu kama hawa wanyang'anywe vifaa hadharani, kibanda kifungwe, wakae ndani mpaka wajue uchungu wa kusukuma gari mbele ya mkwe. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, wala si "kutoelewana kwa fundi na mteja" kama alivyonijibu kwenye simu kabla hajaniblock.

Wanaouliza dalili: risiti hatoi, jina lililotokea nikituma hela si lake, na anakutafutia safari ya dukani wakati kiti cha nyuma kiko wazi. Mshale usioshuka mkiwa mnatembea, huo nao. Nyingine nitakumbuka nikipoa.

Sehemu yenyewe nitamwelekeza anayenifuata inbox. Kama umetengeneza geji pale, ng'oa kiti cha nyuma leo uangalie skrubu za kifuniko. Na kama umeuziwa mita ya 110 iliyovuka kilometa laki mbili, yenye ufa mdogo kwenye kioo upande wa temperecha, hiyo ni yangu. Nitafute, RB ya polisi ninayo na Jumatatu naenda na askari.