Mkaguzi alitazama oveni zaidi kuliko king'ora: huduma ya wakala wetu wa nyumba

Huduma ninayoieleza hapa ni ukaguzi wa nyumba ya kupanga, unaofanywa na wakala kwa niaba ya mwenye nyumba mjini Reading, Uingereza, ambako tumepanga nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba vitatu vya kulala. Jina la wakala nalihifadhi. Kati ya nyota tano nampa tatu, na moja kati ya hizo ni ya fundi aliyekuja baadaye.

Taarifa ya kuja ilifika kwa baruapepe siku nne kabla, ikitaja siku na saa, ilhali sheria ya 1985 inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi ya saa 24 tu kabla ya kuja kuangalia hali ya nyumba. Kwa sisi tuliokulia katika nyumba ambazo mwenye nyumba anaishi uani na hupiga hodi akiwa ameshaingia, hiyo ni heshima isiyo ndogo. Mkaguzi alifika kwa wakati, akaomba ruhusa ya kupiga picha, na akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Kasoro ilianza alipoingia kazini. Alifungua oveni akaimulika kwa tochi ya simu, akapitisha kidole kwenye kingo za madirisha, na akapiga picha tatu za doa la ukungu lililo juu ya bafu. King'ora cha moshi cha korido ya chini alikibonyeza kwa mpini wa ufagio wetu, kikalia, akaridhika. Cha juu, kwenye kichwa cha ngazi, alikitazama tu, akaona taa ya kijani inamweka, akaweka alama ya vema kwenye kishikwambi chake.

Nilimwomba anisubiri nilete kiti. Nilikizungusha king'ora kikatoka kwenye kitako chake, nikakigeuza, na pale nyuma, chini ya vumbi, paliandikwa kwamba kibadilishwe kufikia Machi 2021. Nilipokibonyeza kililia kwa nguvu kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa kitufe kile huthibitisha kwamba betri ina nguvu na sauti ipo, lakini hakikuhakikishii kwamba sehemu inayonusa moshi haijachoka. Vingi vya vifaa hivi hutengenezwa vidumu miaka kumi hivi, na tarehe huchapwa mahali ambapo mtu aliyesimama sakafuni hawezi kuiona.

Kanuni za England za 2015, zilizoongezewa nguvu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, zinamtaka mwenye nyumba aweke king'ora cha moshi katika kila ghorofa yenye chumba cha kuishi (si sebule tu), ahakikishe vinafanya kazi siku ya kwanza ya upangaji mpya, na avitengeneze au avibadilishe akiarifiwa na mpangaji kwamba vina hitilafu. Akikaidi ilani ya halmashauri anaweza kutozwa hadi pauni 5,000. Kuanzia siku hiyo ya 2022, chumba cha kuishi chenye boila ya gesi (mtambo wa kupasha maji moto ya nyumba) nacho kinahitaji king'ora cha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Baada ya siku ya kwanza, kubonyeza vifaa kila mwezi ni jambo ambalo mpangaji hushauriwa alifanye mwenyewe, na nakiri kwamba miezi miwili nililisahau.

Nilimwandikia wakala jioni ile, nikaambatisha picha ya ile tarehe. Fundi alikuja siku ya tisa. Alifunga king'ora kipya chenye betri isiyotolewa, akaandika tarehe ya kukifunga ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, kisha akauliza cha kaboni monoksidi kiko wapi, swali ambalo mkaguzi hakuwahi kuuliza. Tulikikuta ndani ya kabati la boila, nyuma ya taulo. Alikitoa akakiweka nje ya kabati, kama mita mbili kutoka kwenye boila, akanieleza kwamba kikifungiwa kabatini hakiwezi kutuambia hewa ya chumba tunachopumulia ikoje. Hatukudaiwa hata peni moja, na sheria ya 2019 kuhusu ada za wapangaji haimruhusu wakala kutudai.

Kinachonizuia kuongeza nyota ya nne ni ripoti. Ililetwa siku mbili baada ya ukaguzi, ina kurasa kumi na moja, oveni imepewa picha nne, na mbele ya king'ora cha ghorofa ya juu pameandikwa "kinafanya kazi". Nimeomba mara mbili isahihishwe. Hadi leo, katika mafaili yao, kile kilichopaswa kuondolewa 2021 bado kinatulinda.